Kwa Nini Myombekere Alimfuata Mkewe?

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama, Bariadi)



Tumepewa heshima ambayo hatukuitafuta, ya kusimama mbele yenu jioni ya leo na kusema machache juu ya kitabu. Wengi wenu mwajua jinsi jambo hili lilivyoanza. Katika mkutano wetu uliopita, baada ya hesabu za ada kusomwa na kukubaliwa, mwanachama mmoja aliuliza swali ambalo halikuwamo katika orodha ya mambo ya siku ile. Alisema kwamba amekisoma kitabu cha Kitereza hata mwisho, naye ataka kuelezwa jambo moja tu: kwa nini Myombekere alimfuata mkewe? Swali hilo likajibiwa na watu wanne kwa namna nne, kila mmoja akikaza la kwake, hata Bwana Mwenyekiti akaona heri kufunga mkutano. Ndipo ikaamriwa kwamba karani mmoja ayachukue majibu yale, ayapime, kisha alete maneno yake kwa maandishi. Kazi ikatuangukia sisi, yamkini kwa kuwa kazi yetu ya kila siku ni ya masijala, na mtu wa masijala hudhaniwa kuwa na subira ya kutafuta karatasi zilizopotea.

Huenda wako watakaouliza, karani ana haja gani na mambo ya moyo wa mtu wa hadithi, ambaye hakupata kuishi duniani? Twajibu kwamba sisi makarani twaishi kwa kusoma nia za watu. Mtu akileta ombi mezani, maneno yaliyoandikwa ni jambo moja, na sababu iliyomleta ni jambo la pili. Elimu ya nafsi, ambayo siku hizi huitwa saikolojia, hufundisha neno hilo hilo: mtu huweza kutoa sababu nzuri mbele za watu, na asiijue ile ya kweli iliyo ndani yake. Jirani huficha moyo wake, nasi twaona haya kumwuliza. Lakini mtu wa hadithi hana njia ya kukasirika nasi. Twaweza kumgeuza huku na huku mpaka tumwone vema, na katika kumwona yeye pengine tutajiona wenyewe.

Kwanza tumtaje mwandishi, kwa faida ya wale ambao hawajakipata kitabu. Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896, mtu wa Ukerewe. Alisoma katika misheni ya Kagunguli huko huko kisiwani, kisha akapelekwa Seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, alikojifunza Kilatini na lugha nyingine za kigeni. Mwaka 1945 alimaliza kuandika hadithi ndefu kwa lugha yake ya Kikerewe, akikusudia kwamba desturi na maneno ya wazee yasipotee. Haikuchapwa kwa lugha ile. Miaka ikapita, naye akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Na mwaka 1980 ikatolewa na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam, kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Mwandishi akafariki mwaka 1981. Basi kitabu kile kilingoja miaka 35, na mwenye kukiandika akawa mzee sana kabla hakijatoka. Kina kurasa zaidi ya 600, na asiyekisoma asitishwe na unene wake, kwa maana kwenda kwake ni kwa polepole kama mazungumzo ya jioni.

Wala mtu asiseme kwamba hayo ni mambo ya nchi ya mbali. Mto wetu Simiyu, ambao Mkoa huu ulipewa jina lake ulipotengwa na Shinyanga mwaka 2012, humwaga maji yake katika Ghuba ya Speke. Na upande wa kaskazini wa ghuba hiyo ndipo penye Ukerewe. Maji yanayopita kwetu huenda kuishia mlangoni pa Myombekere. Desturi za Wakerewe si zetu zote, lakini Msukuma akisoma jinsi mkwe anavyoamkiwa, na jinsi jamaa wanavyokaa kikao juu ya nyumba ya mtu, hataona kwamba amefika ugenini.

Sasa tuseme habari yenyewe, kwa kifupi. Myombekere na Bugonoka ni mume na mke wanaopendana, nao hawana mtoto. Jamaa za mume hawaridhiki na hali hiyo. Wanamtia Bugonoka maneno ya kumchoma, na matusi ya kumwonyesha kwamba mwanamke asiyezaa si kitu katika ukoo. Wazazi wake wakapata habari, wakaona binti yao amevunjiwa heshima, wakamtwaa na kumrudisha kwao. Myombekere akabaki peke yake nyumbani. Halafu, badala ya kutafuta mwanamke mwingine kama jamaa zake walivyopenda, akafunga safari kwenda ukweni kumwomba yule yule. Wakwe hawakumpa papo hapo. Walimtoza faini ya mitungi sita ya pombe ya ndizi. Naye akaitafuta, akaileta, akarudishiwa mkewe. Baada ya hapo ndipo walipohangaika kutafuta dawa kwa mganga, na mwisho wakapata mtoto mwanamume, Ntulanalwo, kisha mtoto mwanamke, Bulihwali.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Sasa tuyatazame majibu manne.

Jibu la kwanza lilikuwa hili, kwamba Myombekere alitaka mtoto. Mwanachama aliyelitoa alisema kwamba mwanamume wa zamani hakuwa na shabaha nyingine ila mrithi. Twakiri kwamba Myombekere alitamani mtoto. Kitabu chasema hivyo waziwazi, wala hatuna haja ya kubisha. Lakini kama mtoto angalikuwa ndiyo sababu iliyompeleka ukweni, njia fupi ilikuwa imekwisha kuonyeshwa na jamaa zake mwenyewe, nayo ni kuoa mwingine. Waliomtukana Bugonoka walimtukana kwa ajili ya mtoto. Mtu aliyetaka mtoto kuliko yote angalikaa upande wao, asingalivuka mashamba kwenda kumwomba msamaha mke ambaye hajazaa.

Tena tuangalie tarehe, kama ilivyo desturi yetu. Myombekere alimfuata mkewe kabla ya mganga, kabla ya dawa, kabla ya dalili yoyote. Sisi wasomaji twajua kwamba Ntulanalwo atazaliwa, maana jina lake liko juu ya jalada la kitabu. Yeye hakujua. Alipokuwa njiani alikuwa mtu anayemfuata mwanamke ambaye, kwa kadiri alivyojua, huenda asizae milele. Barua ya mwezi Machi haiwezi kuwa jibu la barua ya mwezi Juni. Na jambo lililokuja baadaye haliwezi kuwa sababu ya lile lililotangulia.

Jibu la pili lilisema kwamba alichoshwa na upweke na kazi za nyumbani: kupika, kuteka maji, kufagia, na kuchekwa na watu kwa kufanya kazi ambazo si za mwanamume. Jibu hili lina kweli ndani yake. Kitereza hamfichi shujaa wake. Atuonyesha taabu ya mtu aliyezoea kuwekewa chakula. Hata hivyo, taabu ile yaeleza kwa nini alitaka mke katika nyumba, haielezi kwa nini alimtaka huyu. Mwenye njaa hulishwa na dada, au na mpwa, au na mwanamke yeyote atakayeolewa. Hapana njaa iliyoandikwa jina la mtu mmoja.

Jibu la tatu lilikuwa la mali. Ndugu yetu mmoja, mtu wa hesabu, alisema kwamba mtu hufuata alichokigharimia. Kwetu Usukuma twaijua hesabu hiyo vizuri, kwa kuwa ng'ombe wa mahari wana kumbukumbu ndefu kuliko watu. Lakini mwenye kutaka mali hudai arudishiwe alichotoa. Hakubali kuongeza mitungi sita juu yake. Myombekere angaliweza kuhesabu hasara yake na kuikata. Badala yake alizidi kulipa. Mtu wa namna hiyo hasukumwi na mali.

Jibu la nne lilitolewa na kijana mmoja, akasimama, akasema neno moja tu: "Mapenzi." Kisha akakaa, na watu wakampigia makofi. Nasi hatumpingi. Lakini neno hili, wanachama wenzetu, latumiwa kama lile jalada linaloandikwa "Mambo Mengineyo," ambamo hutiwa kila karatasi isiyo na mahali pake. Myombekere alimpenda mkewe kabla hajaondoka. Alimpenda vile vile siku alipotukanwa. Na mapenzi hayo hayakuzuia matusi, wala hayakuzuia wazazi kuja kumtwaa. Ikiwa mapenzi yalikuwapo siku zote, ni kitu gani kilichoongezeka kikamtoa nyumbani? Hapo ndipo penye swali.

Sisi twaona kwamba kilichoongezeka ni deni. Hatusemi deni la ng'ombe wala la fedha. Mwanamke akiolewa huingia katika ukoo wa watu wengine akiwa mgeni. Hana baba hapo, hana kaka, hana shangazi wa kumtetea. Ukuta wake ni mmoja tu, nao ni mumewe. Matusi yaliyomfikia Bugonoka hayakutoka kinywani mwa Myombekere, yalitoka kwa jamaa zake; lakini yalipita kwake kabla hayajafika kwa mke, kama upepo unavyopita penye ukuta uliobomoka. Wakwe walilijua jambo hilo, ndiyo maana faini haikuwaangukia waliotukana, bali ilimwangukia yeye. Naye akaichukua. Tangu hapo hakuwa mtu anayetafuta haki yake, alikuwa mtu anayelipa.

Tuitazame faini yenyewe, maana mkwe yule alikuwa mjuzi wa nafsi za watu kuliko wengi walioisoma elimu hiyo vyuoni. Kwa nini pombe ya ndizi, tena mitungi sita? Wenzetu wa upande wa ziwani wajua kazi iliyomo. Ndizi hukatwa na kuvundikwa mpaka ziive. Kisha humenywa na kukandwa kwa nyasi mpaka maji yake yatoke. Huchujwa, huchanganywa na unga wa nafaka iliyokaangwa, huachwa ichachuke. Kazi hii yachukua siku, wala haiharakishwi. Tena kwa mitungi sita ndizi za mtu mmoja ni taabu kutosha, na mikono ya mtu mmoja haitoshi kabisa. Yampasa mtu kwenda kwa jirani na kwa rafiki kuomba ndizi, kuomba vyombo, na kuomba nguvu za kukamua na za kubeba.

Sasa fikirini. Kila aombwaye atauliza, "Pombe yote hii ni ya nini?" Na kila mara mwombaji hana budi kujibu, "Ni ya kumrudisha mke wangu." Faini ya mitungi sita haiwezi kulipwa kwa siri. Ilimlazimisha Myombekere kutangaza, mbele ya watu wale wale waliomwona Bugonoka akidharauliwa, kwamba yeye amtaka mwanamke huyo ingawa hana mtoto, na kwamba yu tayari kutoka jasho kwa ajili yake. Matusi yalisemwa hadharani, na malipo yakafanywa hadharani. Kama mkwe angalitoza ng'ombe, Myombekere angaliweza kumtoa zizini usiku, na heshima ya binti ingalibaki pale ilipoangushwa.

Basi jibu letu ni hili. Myombekere hakwenda ukweni kurudisha kitu kilichokuwa chake. Alikwenda ili awe tena mtu ambaye Bugonoka aweza kukaa naye bila hofu. Ile tamaa ya mtoto ilikuwapo, upweke ulikuwapo, na mapenzi yalikuwapo, kwa maana moyo wa mtu hauna chumba kimoja. Lakini ukitaka kujua ni sababu gani iliyo mbele ya nyingine, usimwulize mtu anataka nini. Tazama anakubali kulipa nini, na anakubali kuonekana na nani wakati wa kulipa.

Ili jambo hili lionekane vema, tumlinganishe na mtu mwingine wa hadithi ambaye wengi wenu mwamjua. Chinua Achebe wa Nigeria alitoa kitabu chake cha Okonkwo mwaka 1958, nacho kilitafsiriwa kwa Kiswahili mwaka 1973 kwa jina la Hamkani si Shwari Tena. Okonkwo alikuwa na vyote ambavyo Myombekere alivikosa: wake watatu, watoto wengi, ghala zilizojaa viazi vikuu, na sifa ya miereka. Lakini mwandishi atuambia kwamba ndani ya moyo wake mlikuwa na hofu, hofu ya kuonekana dhaifu kama baba yake Unoka. Kwa hofu hiyo alimpiga panga Ikemefuna, kijana aliyemwita baba, ingawa mzee mmoja alikuwa amemwonya asiwe na mkono katika jambo lile. Aliogopa wenzake watasema hana moyo wa kiume.

Hapa twaona watu wawili wakisimama mbele ya swali moja, nalo ni: watu watasemaje? Okonkwo aliliogopa, akaua alichokipenda. Myombekere naye alijua kwamba watu watasema. Watamcheka anayepika, watamcheka anayemfuata mwanamke asiyezaa, watasema amerogwa. Akaenda. Katika vitabu hivi viwili aliyeitwa shujaa ni yule wa kwanza, naye ndiye aliyetawaliwa na vinywa vya watu. Mtu wa pili hakushinda vita wala miereka, alibeba mitungi tu.

Lipo jambo lingine ambalo twalisema kwa uangalifu. Si vizuri kumchanganya mwandishi na watu wake, kama vile si vizuri kudhani kwamba karani aliyepiga chapa barua ndiye mwenye maneno. Hata hivyo yajulikana kwamba Kitereza na mkewe Anna walipata watoto, nao watoto wakafa wangali wadogo. Naye hakumwacha Anna, wala hakuoa mwingine juu yake. Basi mtu huyo ndiye aliyekaa Ukerewe akaandika habari za mume na mke wasio na mtoto, na mwisho akawapa katika kitabu watoto wawili ambao yeye hakuwaona wakikua. Wala hakuwapa majina ya furaha. Ntulanalwo ni jina lenye maana ya mtu anayeishi siku zote pamoja na mauti; na Bulihwali ni kuuliza, majonzi yatakoma lini? Twaelewa hapo kwamba mwandishi hakuamini kuwa mtoto ni dawa ya kumaliza huzuni yote ya nyumba. Alijua kwamba nyumba husimama kwanza juu ya watu wawili, na mtoto, akija, humkuta mtu na mkewe wamekwisha kujenga.

Sasa, wanachama wenzetu, tumefika mahali ambapo tungaliweza kukoma na kupokea makofi. Lakini tumesema kwamba nia ya mtu hujulikana kwa kile anachokubali kuonekana nacho. Basi haitufai sisi tuliosema hayo kujificha nyuma ya kitabu.

Tusemapo sisi, twasema juu ya nyumba yetu wenyewe. Tuna miaka tisa katika ndoa, wala hatujajaliwa mtoto. Mwaka uliopita, katika msiba nyumbani kwetu, shangazi yetu alimwita mwenzi wetu mgumba, mbele ya wanawake waliokuwa wakipika. Tulikuwa tumekaa karibu, kikombe cha uji mkononi, nasi tukasikia kila neno. Tulitazama uji. Hatukusema kitu. Juma la pili yake mashemeji wakaja kumchukua dada yao, kwa adabu, bila kelele, wakarudi naye kwao upande wa Maswa.

Tukakaa miezi mitatu. Watu walipouliza, tulijibu kwamba likizo haikupatikana, kwa kuwa Juni ni mwezi wa kufunga mwaka wa fedha wa Serikali, na kazi ni nyingi. Tulilisema jibu hilo mara nyingi hata tukaliamini. Siku moja tulikuwa tukitafuta barua ya mtu mwingine katika daftari la kupokea barua, tukipita ukurasa kwa ukurasa, Mei, Juni, Julai. Tukaona maombi ya likizo ya wenzetu, yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa. La kwetu halikuwamo. Hatukuwa tumekataliwa likizo, hatukuwa tumeiomba. Daftari lilijua nia yetu kabla hatujaijua wenyewe.

Siku ile ile tukaandika ombi, nalo likakubaliwa kesho yake. Tukafika ukweni jioni. Mzee alitupokea vizuri, akatupa kiti, akauliza habari za kazi na za mvua. Kisha akauliza: "Mwanangu, umefuata mke, au umefuata tumbo?" Tukajibu kwamba tumefuata mke. Akasema, "Maneno ni mepesi. Sitaki ng'ombe wako. Rudi, uje na yule aliyemtukana mwanangu, naye aseme hapa kwangu, mbele ya hawa waliopo, maneno mengine badala ya yale."

Kweli twawaambieni, tungaliona ng'ombe kumi kuwa rahisi. Ilituchukua majuma matano. Ilitubidi kukaa mbele ya shangazi aliyetubeba mgongoni tukiwa wadogo, na kumwambia kwamba amekosa, na kwamba sisi tulikosa zaidi kwa kunyamaza. Ilitubidi kurudia maneno hayo mbele ya baba, mbele ya kaka zetu, na mbele ya mabinamu waliokuwa wakicheka chini kwa chini. Mwisho shangazi akakubali, tukapanda naye gari kwenda Maswa. Na kabla hatujafika alikuwa akilia, kwa kuwa yeye naye, kumbe, alipata kuitwa jina lile katika ujana wake kabla hajazaa. Alisema maneno yake pale ukweni, akajibiwa kwa heshima, na chakula kikaletwa. Hapana mtu aliyetaja habari za mtoto.

Mwenzi wetu yuko nyumbani. Ndiye aliyetwambia tusome habari hii mbele yenu, tena ndiye aliyetusahihisha mahali pawili. Nyumba yetu haina mtoto hata leo, wala hatuwezi kuwaambieni kwamba atakuja kama Ntulanalwo alivyokuja. Ila tumekwenda hospitali sote wawili, si yeye peke yake, nalo ni jambo tulilochelewa kulifanya kwa miaka mingi kwa sababu ya majivuno ya kiume.

Kwa ajili ya wale walio katika hali kama yetu, ambao twajua kwamba wamo humu chumbani, twasema mambo matatu, kisha tutakaa.

La kwanza, Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba takriban mtu mmoja katika kila watu sita hupatwa na taabu ya kukosa uzazi wakati fulani maishani mwake. Sababu huweza kuwa kwa mume, au kwa mke, au kwa wote wawili. Na pengine haionekani hata baada ya vipimo. Basi anayemwita mwanamke mgumba asema jambo ambalo hakulipima, na mume anayempeleka mke peke yake kwa daktari amekwisha kutoa hukumu kabla ya ushahidi.

La pili, jamaa wanaposema vibaya, mume aseme siku ile ile. Neno dogo lililosemwa kwa wakati wake laokoa mitungi sita. Asitukane wazee, lakini asitazame uji.

La tatu, kila mmoja wetu aliye mbali na nyumba yake, awe amehamishwa kikazi au amekosana na mwenziwe, na alitafute daftari lake mwenyewe. Akisema hana nafasi, aangalie kama aliiomba. Akisema anangoja kikao cha wazee, aangalie kama alikiita. Huenda akakuta kwamba mlango anaodhani umefungwa na wakubwa, ameufunga yeye mwenyewe kutoka ndani.

Yule mwanachama aliyeuliza swali sasa anaweza kutuhukumu. Kama yuko mwenye jibu la tano, na alilete katika mkutano ujao, nasi tutalisikiliza kwa furaha. Kitabu chenyewe tumemkabidhi Bwana Katibu. Kinaazimwa kwa majuma mawili kwa kutia sahihi, na twaomba kisikunjwe kurasa, kwa kuwa bado wengi hawajakisoma.